Mkwe wa Mzee Anosisye Jukwaani

Tupokigwe alichoka kabla hata hajapanda jukwaani. Alfajiri alichuma chai, mchana akashuka Tukuyu mjini kwa miguu, na sasa alikuwa nyuma ya pazia la ukumbi juu ya viatu vya kuazima, visigino virefu kiasi kwamba, wasemavyo waliokuwepo, angejinyoosha kidogo tu angeiona Malawi. Zawadi ya mshindi ilikuwa cherehani. Hicho tu ndicho alichokitaka: akae mahali penye paa, ashone, mgongo wake upumzike kubeba kapu la majani ya chai.

Mashindano ya urembo yalipigwa marufuku miaka ya Azimio la Arusha. Yalirudi na soko huria, pamoja na luninga za rangi, na masharti yake yakaja yamefungashwa kutoka ng'ambo: mrembo asiwe ameolewa, asiwe amezaa. Kuzaa, hakuzaa. Utata ulikuwa kwenye kuolewa. Enosi alitoa ng'ombe, akamuoa, kisha akavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha, na tangu hapo hata salamu hakuna. Tupokigwe akabaki kwa baba mkwe wake, Mzee Anosisye, akimlimia na kumpikia. Walipomuuliza mlangoni kama ana mume, alijibu hana, na hakuona kama amedanganya sana.

Asichokijua ni kwamba umeme ulikatika asubuhi ile, na jenereta pekee nzima ilikuwa ya kanisa la Kawetele, nayo haikutoka bila mzee wa kanisa aliyeitunza. Mzee huyo alikuwa Anosisye. Andrea, mshereheshaji, kwa heshima kabisa akamketisha mstari wa mbele.

Sasa, kwa Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Akimsikia njiani anachepukia migombani, na mzee naye hukohoa mapema ili kumpa nafasi ya kujificha. Miaka yote ile kwenye ua mmoja, Tupokigwe alimjua mzee kwa kikohozi kuliko kwa sura.

Alipofika katikati ya jukwaa, kikohozi kikasikika. Mwili haukungoja ruhusa. Alijifunika uso, akageuka, akachuchumaa nyuma ya spika, visigino na vyote. Mzee naye akageuza kiti chake kukabili ukuta.

Majaji kutoka Mbeya walipiga makofi, wakidhani ni pozi jipya la Ulaya. Lakini akina mama wa nyuma walishaanza kuchekea ndani ya kanga, na mmoja wao, Bibi Atupakisye, akawauliza majaji kama siku hizi wake za watu nao wanashindanishwa.

Jaji mkuu, Winfrida, akauliza ni nani anayemjua huyu binti.

Mzee Anosisye akainuka, uso wake bado ukutani. Mara ngapi alikuwa amelisikia kapu la chai likitua uani, na pumzi ya mwenye kulibeba.

"Namjua mimi," akasema. "Hajaolewa huyo. Si mkwe wangu."

"Basi geuka umtazame, mzee," akasema Winfrida.

Mzee hakugeuka.

"Nasema si mkwe wangu," akauambia ukuta, kwa sauti ya chini zaidi.

Watu walicheka hadi mabati yakatema misumari. Cherehani ikaenda na binti mmoja kutoka Isongole, ambaye inasemekana hakujua hata kutunga uzi.

Jua lilikuwa bado halijazama walipokuwa wakipanda kurudi, mzee mbele, Tupokigwe nyuma sana, viatu mkononi. Penye njia panda mzee akasimama. Hakuangalia nyuma. Aliigeukia migomba ya jirani kana kwamba ina masikio.

"Migomba," akasema, "mwambieni aliye nyuma yangu kwamba mwanangu harudi. Ng'ombe sitawadai kwao. Aende akapumzike."

Neno hilo Tupokigwe alilingoja tangu mwaka wa pili wa upweke wake. Sasa limefika, na hakuwa na nguvu hata ya kulifurahia. Kujibu, desturi haikumruhusu. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, akangoja mgongo wa mzee upotelee kilimani, ndipo akainuka taratibu, akashika njia ya Masukulu kwa mama yake.