Jaribio Lililorukwa

Fatna alipokuwa hai, alikufa mara nyingi kwa siku. Aliyemuua ni mumewe, Usman Fadlalla, katika chumba kimoja cha nyumba yao ya Makina, Kibera, yeye akibonyeza kompyuta, Fatna akigeuza gurusa, mikate ya Kinubi, kikaangoni. Usman alikuwa akitengeneza programu ya kuhifadhi koo za Wanubi: nani kazaliwa na nani, nani kaoa wapi, ili posa ikija wazee wasigombane juu ya udugu. Programu ya namna hiyo hujaribiwa, na jaribio linahitaji watu. Mwenye akili angebuni majina. Usman, kwa uvivu wake, alitumia ya nyumbani, kwa hiyo kila alipoendesha jaribio la "mtu akifariki", marehemu alikuwa Fatna.

"Leo nimekufa mara ngapi?" Fatna alizoea kumuuliza.

"Kumi na mbili."

"Na bado nakupikia. Una bahati wewe."

Kisha akafa kweli, kwa homa ya mapafu iliyomlaza siku tatu tu. Watu walijaa, wakasoma, wakala, wakaenda zao kama ilivyo ada. Baada ya arobaini, Usman akarudi kwenye kompyuta, akaona jina la Fatna ndani ya jaribio, asiweze kuliendesha. Akaongeza neno moja kwenye msimbo, yale maagizo aliyoiandikia kompyuta: ruka. Tangu hapo kompyuta ilimjibu vilevile kila siku: themanini na sita yamepita, moja limerukwa.

Programu yenyewe ilikuwa huria, yaani msimbo wake ulikuwa wazi mtandaoni, yeyote auchukue, aurekebishe, autumie bure. Neno tamu kweli. Maana yake ya mtaani ni kwamba kazi ni ya wote na anayeifanya ni mmoja. Kwa miaka mitatu mmoja huyo alikuwa Usman, na tusizunguke mbuyu: alikuwa mpweke. Siku nyingine sauti yake aliisikia tu anapoitikia salamu ya imamu.

Ndipo Lavender Khaemba wa Kawangware 46, fundi wa kompyuta, alipomwandikia. Aliuona ule msimbo mtandaoni, akataka kuutumia kwa ukoo wao wa Kibukusu. Barua ile ilimfaa Usman kuliko Lavender alivyojua. Wazee wa msikiti walitaka programu iwe kwenye kompyuta ya madrasa ifikapo Jumamosi, na kompyuta hiyo ni ya Windows. Kikompyuta cha Usman kiliweza kuunda toleo la mtandaoni tu. Lavender alikuwa na mashine inayofaa.

Basi Alhamisi asubuhi Usman alipita Soko la Toi kwa miguu hadi Kawangware, mfukoni ana flashi yenye kumbukumbu halisi za koo. Humo ndani Fatna alikuwa hai bado. Tarehe ya kifo chake Usman hakuwahi kuiandika, na Jumamosi ukoo mzima ungeiona aibu hiyo.

"Karibu, Mzee Usman," Lavender alisema katika kibanda chake cha mabati. "Hiyo stuli iko na mguu mbovu, usiegemee hiyo side."

Alikuwa ameshapakua msimbo na kuweka vyote vinavyohitajika. Akaendesha majaribio.

"Eighty-six ziko sawa. Lakini kuna moja umeiskip. Mbona?"

"Ina shida kidogo. Iache tu."

"Zii, mzee. Watu wataitumia Saturday. Wacha tuone."

Akalifuta lile neno. Usman akageuza uso barabarani, akamkazia macho mama mmoja aliyekuwa akikata sukumawiki, kana kwamba hajawahi kuiona mboga hiyo maishani.

"Imefeli," Lavender akasema.

Maandishi mekundu yalisema: Alitarajiwa: Usman Fadlalla, hai. Amepatikana: hakuna.

Lavender akacheka. "Hii ni noma! Bibi akikufa, bwana pia anatoka kwa list ya walio hai. Wajane wote wa Kibera wangeisha Saturday!" Akasoma tena, kicheko kikamkatika. "Usman Fadlalla si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na Fatna?"

"Mke wangu. Alifariki mwaka jana, mwezi wa sita."

"Woiye. Pole sana, mzee, sikujua. Nibadilishe majina? Tuweke watu wa uongo."

"Ngoja kwanza nione kosa."

Haikumchukua muda kuliona. Lilikuwa kwenye mstari alioubadilisha mwenyewe wiki ileile baada ya arobaini. Mtu akifariki, programu ilitakiwa kufunga kumbukumbu yake yeye peke yake. Usman alikuwa ameiagiza ifunge nyumba nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mstari ule ulikaa hapo karibu mwaka, hakuna aliyeusoma kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuusoma. Moyo ulimuuma. Akaurekebisha, akaomba jaribio liendeshwe na majina yaleyale. Yakapita yote themanini na saba.

Lavender akaunda toleo la Windows. Lilipofunguka kwenye kioo, akamsogezea Usman kibodi. "Jaribu na data yako," alisema, kisha akaanza kutafuta chaja iliyokuwa mbele ya macho yake.

Usman akachomeka flashi, akaandika jina la Fatna. Ukurasa ukaja: Hai. Akaingiza tarehe. Programu ikamuuliza kama ana uhakika, swali alilolitunga yeye kwa ajili ya watu wengine. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Akabonyeza Ndiyo.

Hapo ukafunguka ukurasa wa mwenzi aliyebaki, maana hivyo ndivyo alivyoifundisha. Usman Fadlalla. Hai. Mgane. Chini yake palikuwa na kisanduku: Anaishi na. Jina lililokuwamo lilikuwa limeshaondoka. Alijaribu kukipita, programu ikakataa, kwa kuwa ni yeye aliyeweka sheria kwamba kisanduku hicho kisiachwe kitupu.

"Imekubali kusave?" Lavender aliuliza bila kugeuka.

"Bado kidogo."

Akaandika: peke yake. Ikakubali.