Nyaraka Zote Alizoomba Mzee Beno

Mzee Beno aliingia masijala Jumatatu asubuhi akiwa amevaa koti, na joto lote lile la Ifakara. Noela alikuwa ameinamia majalada, akakisikia kikohozi kabla hajamwona mtu. Kikohozi hicho alikijua. Miaka kumi nyuma kilimtangulia Beno mlangoni kwa Agnella, mama yake Noela, kule kijijini Mbasawe, siku alipokuja kusema kwamba shamba la bondeni, ekari sita za mpunga, si la Agnella tena. Limekaa pori misimu miwili, alisema, kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji umelitwaa na kuligawa. Aliyegawiwa ni nani? Ni yeye mwenyewe, mwenyekiti.

Na kweli shamba lilikuwa limekaa pori. Agnella alikuwa hospitali akiuguza mguu, na mtu wa kumlimia hakuwepo.

"Shikamoo, Mzee Beno."

"Marahaba. Eh, kumbe ni wewe. Si mtoto wa Agnella wewe?"

"Ndiye mimi."

"Basi dunia ndogo." Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Leo umekuwa karani wangu."

Mwanamke wa miaka hamsini na minane hashtuki kwa neno moja. Noela alimpa kalamu na karatasi, akamwambia ombi la nyaraka za serikali huandikwa, halijibiwi kwa mdomo.

"Ninayo tayari," Beno akasema, akatoa barua mfukoni. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri. Aliomba apewe nakala ya nyaraka zote za mkutano mkuu wa kijiji cha Mbasawe uliomgawia shamba, zote bila kubakiza hata moja, zigongwe mhuri kuwa ni nakala halisi. Tena aliomba ofisi imtume mtumishi akazisome mbele ya wananchi.

"Nataka hati miliki," akasema. "Ila mdogo wako Wiliam anapita kwenye vilabu vya pombe akisema mimi mwizi. Zikishasomwa hadharani, tuone nani atafungua mdomo. Na nitamwomba bosi wako usome wewe. Mhuri uwe wako, sauti iwe yako. Wasije wakasema nimeghushi."

Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayemlisha mwenzake chakula huku anajua kina mchanga. Noela akaipokea barua kwa mikono miwili. Akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaandika tarehe, akaweka sahihi. Moyo ulikuwa unapiga kama mchi kwenye kinu.

Maana barua hiyo aliingoja miaka sita.

Agnella enzi za uhai wake aliomba kuonyeshwa karatasi hizo. Alikwenda ofisi ya kijiji, akaambiwa ziko Ifakara. Akapanda basi na mguu wake mbovu hadi Ifakara, akaambiwa ziko kijijini. Alikwenda na kurudi mpaka wauza maandazi wa stendi wakamzoea. Alikufa Katindiuka, mtaa wa Ifakara, kwenye chumba cha kupanga, akila mchele wa kununua dukani, yeye aliyekuwa akigawia majirani magunia. Noela wakati huo alikuwa karani wa kata, Kiberege. Alipohamishiwa masijala mama alikuwa ameshazikwa. Siku ya tatu tu ya kazi alilifungua kabati la chini, akalikuta jalada la Mbasawe limelala pale, halijakwenda popote.

Alilisoma akiwa amesimama. Muhtasari kurasa mbili. Nyuma yake mahudhurio, kurasa saba. Alipofika kwenye mahudhurio akakaa chini sakafuni.

Alimpelekea mkuu wa ofisi wa wakati ule. Yule akamwambia mtumishi hafungui jalada la serikali kwa shida za kwao, na akithubutu kulitoa nje atafungwa. Noela akafikiri sana usiku ule. Hata ndugu yake akiomba, Beno atasema, jalada analilinda dada mtu, nani ajue kachomeka nini? Hapana. Lazima aombe mwingine. Na kama Mungu anapenda, aombe mwenyewe mwenye koti lake. Basi akalirudisha jalada kabatini, akawa analipangusa vumbi kila Ijumaa kama mtu anavyopalilia shamba.

Bosi wa sasa, kijana aitwaye Fredy, aliisoma barua ya Beno akakuna kichwa.

"Mama, huyu mzee anachotaka ni muhtasari tu. Mpe kurasa zile mbili. Hayo mahudhurio ya nini? Utamaliza wino bure."

"Ameandika zote, bosi."

"Nimeona. Lakini huwa wanaandika tu."

"Sheria inasema mwananchi apewe alichoomba, labda kiwe na siri. Mkutano wa hadhara una siri gani?"

Fredy akamtazama. Hakuwa mjinga. "Kuna jambo ndani yake?"

"Kuna majina ya watu waliohudhuria."

"Haya. Toa zote. Na wewe uende ukasome, kama anavyotaka."

Wiki haikwisha Beno akaja kuchukua. Noela alikuwa ameshatoa nakala, ameshagonga mhuri kurasa zote tisa, wala hakuruka hata mmoja. Sasa utaratibu una sehemu moja aliyoiogopa. Mwombaji hupewa nyaraka azipitie, aridhike, ndipo atie sahihi ya kupokea. Angeweza kuiruka. Hakutaka. Alitaka siku ya kusoma ikifika, asiwe na kosa hata la ukubwa wa punje.

"Zisome kwanza, mzee, uhakikishe ndizo ulizoomba."

Beno akazishika, akazipima uzito mkononi. Akafunua wa kwanza, akaona mhuri. Noela akavitazama vidole vyake. Akifunua wa tatu tu, imekwisha, ataondoka nazo azichome moto.

"Miwani nimeiacha nyumbani," Beno akasema. "Tena kazi hii aliifanya mtendaji, marehemu, alikuwa na mwandiko kama wa padri. Mimi nilitia sahihi. Mihuri ipo?"

"Ipo yote."

"Nitie sahihi wapi?"

Akaonyeshwa. Akatia. Kisha akasema kwa upole wa kejeli, "Mama yako alikuwa mwanamke mwema. Tatizo lake alikuwa mbishi."

"Ndiyo, mzee," Noela akajibu. "Nasi watoto tumemrithi."

Mkutano uliitishwa mwezi wa nane, mpunga umeshavunwa, watu wote wamerudi kijijini kutoka bondeni. Walikaa kwenye kivuli cha ghala. Mwenyekiti mpya, Antoni, akafungua. Beno alikaa mbele na koti lake. Akasimama akasema maneno mengi juu ya wivu na juu ya watu wanaopenda vya wenzao, halafu akamwita Noela kwa jina la mama yake: "Binti Agnella, tusomee."

Wengine waliinama kwa aibu kwa ajili yake. Noela akasimama, akavaa miwani.

Alisoma muhtasari taratibu. Kwamba mkutano mkuu umekaa. Kwamba wajumbe mia mbili na kumi na wanne kwa kauli moja wamekubali shamba la Agnella ligawiwe Beno. Beno akatikisa kichwa kukubali. Tangu zamani kila mwanakijiji alidhani mwenzake ndiye aliyekuwepo siku ile. Yeye mwenyewe hakumbuki, lakini mikutano ni mingi.

"Mkutano umefanyika uwanja wa shule," Noela akasoma, "tarehe kumi na saba mwezi wa nne."

Akapitisha kidole kwenye karatasi, kama mtu anayetafuta mstari.

Bibi mmoja, Mariana, akasema kutoka kwenye mkeka, "Mwezi wa nne?"

"Mwezi wa nne, mama. Tarehe kumi na saba."

"Mwezi wa nne hapa kijijini kuna nani? Si tuko bondeni wote, juu ya madungu, tunaamia ndege?"

Kicheko kikapita, kidogo. Mbasawe mwezi wa nne hubaki kuku na wagonjwa. Mpunga unatoa mbegu, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na asiyekaa shambani kwake juu ya dungu kupiga kelele na kurusha udongo hatavuna kitu. Hata shule hubaki nusu. Ni mtendaji mgeni tu, aliyeletwa kutoka mjini na hana shamba, anayeweza kuandika mkutano wa watu mia mbili mwezi ule, akiwa mezani kwake, akinakili majina kutoka daftari la wakazi.

"Tuendelee na mahudhurio," Noela akasema.

"Hayo yanatosha," Beno akasema. "Muhtasari umesomwa."

"Barua yako inasema zote, mzee. Bila kubakiza hata moja. Ninayo hapa, niisome?"

"Soma majina," Antoni akasema.

Akasoma. Jina kwa jina, bila haraka, na kila jina alilisubiri lijibu.

"Viktor."

"Mimi nilikuwa dunguni. Tena mwaka ule nilikuwa na homa hukohuko."

"Mariana. Dole gumba."

"Hilo dole gumba ni la nani? Mimi naandika jina langu, masista walinifundisha."

"Dionisi."

Mjane wa Dionisi, Frida, akasimama. "Soma tena."

"Dionisi. Namba sitini na moja. Ametia sahihi."

"Mume wangu tulimzika Kwaresima ya mwaka uliotangulia," Frida akasema. "Beno, wewe ndiye ulishika koleo."

Hapo kicheko kilikwisha. Beno alikuwa amevua koti, amelikunja mapajani. Mtu mmoja nyuma akasema, "Tuambie basi marehemu alikuja na nani." Beno akamgeukia Noela, sauti chini, "Mwanangu, imetosha. Inatosha sasa."

"Zimebaki kurasa nne, mzee."

Akaendelea. Namba themanini na nane ilikuwa Agnella, dole gumba, mama yake amekubali kunyang'anywa shamba lake mwenyewe. Siku ile Noela alikuwa naye wodini akimshikia beseni. Alilisoma jina lile kwa sauti ileile ya mengine, wala hakuongeza neno. Akaendelea mpaka mia mbili na kumi na nne. Jua likahama, kivuli cha ghala kikawaacha, hakuna aliyeondoka.

Watu wakaulizwa kama kijiji kiliwahi kutoa shamba lile. Mikono ya kukataa ilipaa yote. Wakaamua Beno asilikanyage, na maneno yaende baraza la ardhi pamoja na karatasi zake mwenyewe alizoziomba kwa hiari yake. Wiliam alilia, mtu mzima yule. Noela hakulia. Watu husema kisasi kikifika mdomoni huwa kichungu. Chake kilikuwa kitamu, na hakumficha Mungu.

Mtendaji wa sasa akasema muhtasari wa leo nao lazima uwe na mahudhurio, ya kweli safari hii. Meza ikaletwa. Watu wakapanga mstari, anayeandika akaandika, asiyeandika akachovya dole kwenye wino. Noela aliombwa asimamie. Mstari ulikwenda polepole, hadi wakaisha wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa akivizia njia ya kuondokea nyuma ya ghala.

"Mzee Beno," Noela akaita. Hakupandisha sauti. "Na wewe ulikuwepo."

Watu wakafungua njia kati yao, ikaelekea mezani tu. Beno akaja. Akashika kalamu, akaikaribia karatasi, miwani hana.

"Wapi?"

Noela akamshika kidole, akakiweka kwenye mstari.

"Hapa," akasema. "Andika jina kamili. Halafu tarehe. Uiandike vizuri, isomeke."

Akasimama pembeni yake mpaka alipomaliza.