Bwana Kitanda na Mwalimu wa Hesabu

Jumanne, kama saa kumi na moja jioni, mwalimu wa hesabu alifikia daftari la ishirini na tatu kati ya arobaini, akasukuma rundo pembeni na kuivuta kompyuta karibu. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa hajarudi kutoka kazini. Maharage yalikuwa yanatokota. Mwalimu aliutazama mlango, kisha akaandika kwa vidole viwili: mwanamke wa miaka arobaini na mbili kukosa siku zake.

Ukurasa haukufunguka mara moja. Kwanza kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kilimuuliza kama anataka kupokea arifa. Akakataa. Kikamuuliza kama anataka kujaribu toleo jipya. Akakataa. Kisha ukurasa wenyewe ukamuuliza kama anakubali vidakuzi, yaani kama anakubali kuandikwa alikopita na alichotazama. Kitufe cha "Kubali vyote" kilikuwa cha kijani, kipana kama sahani. Cha kukataa kilikuwa cha kijivu, kimejibanza pembeni kama mgeni ambaye hakualikwa, na mara ya mwisho alipokibonyeza kilimpeleka kwenye vitufe vingine kumi na moja. Maharage yalianza kunukia kuungua. Akabonyeza cha kijani, akasoma aya mbili, akafunga, akarudi kwenye daftari la ishirini na nne. Mwenye daftari hilo alikuwa amegawanya kwa sifuri na akapata jibu.

Kesho yake asubuhi alipofungua mlango, mtu alikuwa amesimama getini na kitanda cha mtoto.

Alikuwa mtu wa makamo, shati lake jeupe limepigwa pasi, daftari dogo limechomoza mfukoni. Kitanda kilikuwa cha mbao, rangi ya maziwa.

"Habari za asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri. Naona umekuja na kitanda."

"Ndiyo. Kipo na cha magurudumu, ukipenda."

Mwalimu hakushangaa. Mtaa mzima walikuwa na watu wao. Mwaka uliopita alipotafuta viatu vya kazini, mwanamke mwenye pea sita mkononi alimfuata wiki tatu, na hata Mwalimu aliponunua viatu, yule mwanamke aliendelea kumfuata akimwonyesha viatu vile vile alivyokuwa amevaa. Mumewe alifuatwa na mtu wa mitungi ya gesi ya majokofu, mkimya, mwenye kikohozi. Jirani yao, bibi mmoja mjane, alifuatwa na watu wanne wenye mashuka ya hariri, na hakuwahi kueleza alikuwa ametafuta nini. Waliwazoea kama watu wanavyozoea nzi. Lakini viatu havina siri. Siri ya mtungi huijua kata, na kata ya Mwalimu ilikuwa imesimama getini mchana kweupe.

Yule jirani alitoka na ndoo, akakitazama kitanda, akamtazama Mwalimu tumboni.

"Hongera, mwanangu."

"Bado sijui, mama."

"Wao wanajua."

Mwalimu na mumewe walikuwa na miaka kumi na sita ya ndoa bila mtoto, na maneno ya watu juu ya miaka hiyo yangejaza gunia. Alisema ahsante, akashika njia ya shuleni. Yule mtu alimfuata hatua kumi nyuma, kitanda begani. Kipindi cha kwanza alisubiri nje ya dirisha la darasa. Wakati wa mapumziko aliingia chumba cha walimu, akatafuta kona na kukiweka kitanda chini taratibu, kama vile ndani mna mtu amelala. Walimu walikuwa wameshampa jina la Bwana Kitanda kabla chai haijapoa.

Mkuu wa shule aliingia kuchukua chaki. Akasimama.

"Mwalimu, huyu ni wako?"

"Ni wangu, Mkuu."

"Karibu," Mkuu alimwambia Bwana Kitanda, kwa adabu. Alikitazama kitanda kama mtu anayesoma kipimajoto, akachukua chaki zake, akatoka.

Jioni fundi wa majokofu alirudi na mtu wake wa mitungi, akamkuta Bwana Kitanda kizingitini. Aliweka boksi la vifaa chini, akaingia ndani.

"Kuna mtu nje ana kitanda."

"Nimemwona."

"Amekosea nyumba?"

"Sidhani," mkewe alisema.

Fundi aliketi. Kisha akatoka tena, na Mwalimu akamsikia akikigonga kile kitanda kwa kifundo cha kidole, ubao baada ya ubao, kama alivyozoea kuligonga jokofu bovu. Alipokwisha kuzunguka pande zote nne, akaanza upya.

Alhamisi zahanati ilithibitisha. Wiki ya saba. Mwalimu alirudi kwa miguu, ameshika mkoba kifuani, na furaha yake ilikuwa na swali ndani yake kama kokwa. Alipofika nyumbani aliketi kizingitini karibu na Bwana Kitanda.

"Wewe ulijuaje kabla yangu?"

"Sikujua mimi. Mimi nabeba tu."

"Na hilo daftari?"

"La kwako."

"Naweza kulisoma?"

Bwana Kitanda alifikiri. "Hakuna aliyewahi kuomba," alisema, akampa.

Mlikuwa na kila kitu tangu siku aliponunua kompyuta, tarehe na dakika. Jinsi ya kutoa doa la wino. Kama paka anaweza kuzira. Maana ya ndoto ya kung'oka meno. Mwaka aliofariki baba yake, swali moja limeandikwa mara kumi na nne kwa siku moja: moyo husimamaje. Alikuwa amesahau. Alisoma polepole, akilowesha kidole, kama anasoma habari za mwanamke ambaye angependa kukutana naye. Zilipokwisha kurasa za leo, akakuta kurasa nyingine zimeandikwa.

"Hizi je?"

"Hizo bado."

Ya Jumatano ijayo, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, ilisema: mkataba wa mwalimu usipohuishwa, afanye nini.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kwa miaka tisa ulikuwa ukihuishwa bila mtu kuuliza.

"Nani mwingine analisoma daftari hili?"

"Wanaonunua nakala."

"Shule imenunua?"

Bwana Kitanda alijikuna shingo. "Shule nyingi hununua, Mwalimu. Si jambo la ajabu."

"Nikibadilisha kivinjari?"

"Wengine hubadilisha," alisema, bila kinyongo. "Jaribu."

Jumamosi alikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la kompyuta jembamba kiasi kwamba mteja wa pili husubiri nje. Shemeji aliwatazama wote wawili, yeye na Bwana Kitanda, akaelewa.

"Shem, kuchagua kivinjari ni kama kuchagua jirani," alisema. "Kukusikia atakusikia tu. Cha kuuliza ni anakwenda kumwambia nani."

"Basi niambie majirani waliopo."

"Wa kwanza ndiye unaye sasa. Mwepesi, hasahau kitu, na mdomo wake hauna mlango. Wa pili alikuja na kompyuta yenyewe. Huyo si mbea sana, ila ana wivu. Wa tatu hakumbuki chochote. Ukifunga tu, amekusahau. Nenosiri utaliandika kila siku, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyojifunza jina lake. Kurasa nyingine zitagoma kufunguka. Nyingine zitakuuliza kama wewe ni binadamu."

"Nitazijibu nini?"

"Utachagua picha zenye baiskeli."

Alianza na wa pili, kwa sababu hakutaka kuandika nenosiri kila siku. Jumapili wakati wa kifungua kinywa alifika mtu mikono mitupu, akasimama kati ya meza na jiko, akauliza kama Mwalimu angependa kukifanya hiki ndicho kivinjari chake cha kudumu. Mwalimu akasema hapana. "Nitauliza baadaye," yule mtu akasema. Aliuliza alipokuwa anaosha vyombo. Aliuliza alipokuwa bafuni, kupitia mlango. Saa nane mchana Mwalimu alikifuta, akaweka cha tatu.

Jumatatu Bwana Kitanda alikuja amefumba macho. Aliligonga geti kwa paji la uso kabla ya kulipata.

"Mwalimu?"

"Niko hapa."

"Sioni kitu. Nimebeba nini?"

"Tairi la trekta."

"Linakufaa?"

"Hapana."

"Samahani," alisema Bwana Kitanda, na ilionekana kweli ameona haya. Mwalimu alimwonea huruma. Walipofika barabara kubwa alimshika mkono wa shati, wakavuka pamoja, tairi likibingirika mbele yao. Siku ile hakuna aliyemwambia hongera, na moyo wake ulitulia kidogo. Alianza kuamini kwamba daftari, kama mwanafunzi yeyote, laweza kukosea.

Jumatano, saa tatu na nusu, Mkuu wa shule alimwita ofisini. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha.

"Shule inakushukuru kwa miaka tisa, Mwalimu. Mkataba hatutauhuisha."

"Kwa sababu gani?"

"Mabadiliko ya mahitaji."

"Watoto hawahitaji hesabu tena?"

Mkuu alitabasamu kwa upole. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa amehudhuria msiba wa baba yake Mwalimu, na alijua majina ya wadogo zake wote. Juu ya meza, karibu na barua, kulikuwa na nakala ya daftari dogo, imebanwa pini pembeni. Mkuu hakuificha.

"Hiyo ni yangu," Mwalimu alisema.

"Ni nakala. Tumeipata kihalali."

"Nilibadilisha kivinjari."

"Najua." Mkuu alifunua karibu na mwisho, akafuata mstari kwa kidole. "Jumapili saa nane mchana, alibadilisha kivinjari."

"Na mtu akiwa na mimba, sheria si inamlinda?"

"Ingekuwa tumekufukuza, ingekulinda. Hatujakufukuza. Mkataba umefika mwisho. Na hili daftari," alilifunga, akalipapasa jalada, "ulikubali vyote, Mwalimu. Si tulikuta umebonyeza mwenyewe?"

Mwalimu alichukua bahasha. Alirudi chumba cha walimu, akaketi mbele ya kompyuta ya wote, akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika thelathini na nane. Alikuwa ameumia, lakini chini ya maumivu yale udadisi ulikuwa umeamka, ule ule uliomfanya apende hesabu tangu utotoni: alitaka kuona itakuwaje akikataa. Akaweka mikono magotini. Thelathini na tisa. Bwana Kitanda, kwenye kona, alikuwa amefumba macho, amekumbatia tairi. Arobaini. Mikono ya Mwalimu haikutikisika.

Mwalimu wa historia, aliyeketi ubavuni na aliyekuwa ameiona bahasha, alivuta kibodi kwake.

"Pole, dada yangu. Ngoja nikutafutie," alisema kwa wema wote, akaandika: mkataba wa mwalimu usipohuishwa, afanye nini.

Kompyuta ya shule ilikuwa bado inatumia kivinjari cha kwanza. Ukurasa uliuliza kuhusu vidakuzi, mwalimu wa historia akabonyeza cha kijani bila kusoma, na jibu likaja: akate rufaa kwa bodi. Mwalimu alikata rufaa. Bodi ilijibu kwa mistari miwili, wa kwanza ukiwa salamu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye mapafu ya kuuzia samli sokoni. Kitanda alichongewa na baba yake kutokana na mbao za masanduku ya majokofu. Fundi alikuwa amechukua vipimo siku ile ya kwanza, alipokuwa akigonga. Mwalimu alianza kufundisha barazani kwake, wanafunzi kumi na mmoja, kila alasiri. Wazazi walipowaleta, watu wao walisubiri uani na mizigo yao, wakaulizana habari za kazi. Mwalimu aliendelea na kivinjari cha tatu. Kila asubuhi aliandika nenosiri lake, akachagua picha zenye baiskeli, akaruhusiwa kuwa binadamu hadi jioni.

Bwana Kitanda aliendelea kuja, amefumba macho. Alileta mlingoti wa bendera. Alileta dawa ya mbuzi. Siku nyingine alipewa mtoto ambembeleze huku Mwalimu akimalizia mfano ubaoni, na mtoto alimpenda, pengine kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye hakumkazia macho.

Alasiri moja alikuja na karatasi.

"Leo ni chepesi," alisema. "Ni nini?"

"Tangazo la kazi," Mwalimu alimjibu.

Akampakata mtoto upande mmoja, akasoma. Ilikuwa shule yake ya zamani. Ilitafuta mwalimu wa hesabu, mchapakazi, asiye na majukumu mazito ya kifamilia, wa kufundisha vipindi sita kwa siku, siku tano kwa wiki, jumla vipindi thelathini na viwili. Sahihi ya Mkuu ilikuwa chini, nadhifu.

Mwalimu alichukua kalamu ya mwanafunzi wa karibu, akakata thelathini na viwili, akaandika thelathini, akairudisha karatasi mkononi mwa Bwana Kitanda.

"Limekufaa?"

"Lina kosa."

"Moja tu?"

"La hesabu, moja," alisema Mwalimu, akamgeuza mabega taratibu akamwelekeza getini, kisha akawarudia wanafunzi wake, ambao walikuwa wamefika kwenye hesabu za sehemu.