Kidole cha Emama Zenebu

Yeshimebet alikuwa mshika fedha wa ofisi ya elimu ya wilaya, na kwa ubahili wa fedha za serikali hakuwa na mpinzani. Walimu walisema hata malaika akishuka kukagua shule, Yeshi atamdai risiti ya mbawa. Naye akiwasikia alifurahi, maana aliona ni sifa.

Kwa hiyo mkaguzi Ato Gebeyehu alipotoka shule ya juu mlimani, akaja kutoa hesabu ya masurufu ya safari bila risiti ya malazi, Yeshi hakuzionea haya mvi zake.

"Siku nne, birr mia sita za kulala. Risiti iko wapi, baba?"

"Mwanangu, kule hoteli itoke wapi? Nililala kwa mjane mmoja, Emama Zenebu. Alinipa kitanda chake."

"Basi si akuandikie?"

"Mtu aliyeniosha miguu, nimdai risiti?"

"Ama risiti, ama nakata mshahara. Chagua."

Ofisi nzima ikacheka. Mzee wa watu akaupanda tena mlima, akarudi na karatasi yenye alama ya kidole gumba. Yeshi akaigonga muhuri, akafunga faili.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yake kupanda kule, kuhesabu madawati. Mvua ilinyesha, gari likanasa kwenye tope jioni ikiingia, dereva akabaki kulilinda. Yeshi akaiendea nyumba iliyokuwa hatua chache tu kutoka pale, akabisha na kusema kama wasemavyo wasafiri wote wa nyanda zile za juu: "Jioni imenikuta. Mimi mgeni wa Mungu."

Bibi aliyefungua nusura alie kwa furaha. Alimwosha miguu, akamwandalia injera na mchuzi wa shiro, akamwachia kitanda, mwenyewe akajitandikia ngozi sakafuni.

"Umeniheshimu, mwanangu. Siku hizi wageni hawabishi kwa Zenebu."

Yeshi aliposikia jina hilo alirudisha tonge sahanini. "Kwa nini, Emama?"

"Nilimlaza mzee mmoja wa serikali. Akarudi machozi yanamlengalenga, eti asipopeleka kidole changu kwamba amenilipa, watamkata mshahara. Sikupokea hata santimu. Niliweka kidole nimwokoe. Sasa huyo mwalimu aliyetuandikia karatasi, mdomo wake hauna mlango. Kijiji kizima kinaniita Zenebu wa Hoteli. Mimi! Marehemu mume wangu hakugusa chakula mgeni hajala."

Yeshi akapanda kitandani. Alijifunika shuka gubigubi, akasingizia uchovu. Miaka yote alijihesabu mlinzi wa mali ya umma, kumbe alikuwa amemwibia mjane kitu ambacho hakuna fomu ya kukirejesha. Aliona haya hata kulala katika kitanda kile.

Asubuhi alimkuta Emama jikoni, kidole gumba kimepakwa masizi, kinamsubiri.

"Lete karatasi, mwanangu. Wasije wakakukata na wewe."

Yeshi akaanguka miguuni pake. "Emama, ni mimi. Ile karatasi niliidai mimi. Nisamehe."

Bibi akakifuta kidole kwenye gauni, taratibu.

"Mimi unaniambia ya nini? Mimi najua sikuuza kitanda."

Nje, majirani waliokuwa wakienda kanisani walikuwa wamelizunguka gari, wanamtania dereva.

"Bosi wako kalala hotelini kwa Zenebu? Atajua leo! Huyo mama hatoi kitanda bure!"

"Waambie hao," bibi akasema.

Yeshi alitoka bila viatu, miguu ile ile iliyooshwa jana ikazama topeni. Watu wakageuka kumtazama mtu wa ofisi katika hali ile.

"Jamani," akasema, "mama huyu hajamtoza mtu kitu. Aliyemwandikisha uongo ni mimi."