Ziara ya Masomo ya Familia ya Brubaker

Mtu yeyote hapa bondeni kwetu Pennsylvania atakwambia kwamba Marlys Brubaker alipojifungua mapacha, kilio chao kilikausha maziwa ya ng'ombe wa mashamba matatu. Mimi, Verle, naishi ng'ambo ya barabara, na nasema ni mashamba mawili tu. Sipendi kutia chumvi.

Marlys alikuwa anawafundisha wanawe wakubwa nyumbani, Judson na dada yake Philippa. Hakutaka kabisa wapande basi la njano la shule ya serikali, na kila Jumapili aliwaeleza akina mama kanisani kwa nini, hata wasiouliza. Kwake hakukuwa na matembezi. Wakienda kununua mayai, hiyo ni "ziara ya masomo". Wakienda kung'oa jino, ziara ya masomo.

Basi wakaja Amos na Silas, wamefanana kama maharage mawili ya ganda moja. Mama yao aliwatofautisha kwa rangi ya kucha: Amos alipakwa nyekundu kwenye kidole gumba cha mguu, Silas hakupakwa kitu. Akina mama wa kanisa wakapanga zamu ya kuleta chakula, na kila mmoja, bila kuulizana, akaleta tambi za kuokwa na samaki wa kopo. Friza ikajaa mpaka mlango ukafungwa kwa kamba ya kufungia ndama. Kila bakuli lilikuja na ushauri wake, nao ulikuwa umepoa kuliko tambi.

Mama mkwe, Lorna, aliyepika miaka mingi jikoni mwa shule hiyo hiyo ya serikali, alikuja na ushauri bila tambi.

"Marlys, mwanangu, una matiti mawili, yote yana mtu. Hesabu utafundisha kwa kiungo gani?"

"Mama, tunaendelea vizuri kabisa."

"Judson amevaa fulana ya dada yake."

"Anajifunza kushirikiana."

Wakawekeana sharti mbele yangu. Huku kwetu, kila mwisho wa mwaka wa masomo, mkaguzi huja kuwahoji watoto wanaosomea nyumbani na kuangalia kazi zao. Akiridhika, Lorna atafunga mdomo. Asiporidhika, Agosti, shule zikifunguliwa, watoto watapanda basi.

Kuanzia hapo Marlys hakulala, na kila kitu nyumbani kikawa somo. Kukunja nepi, jiometri. Kuchemsha chupa, kemia. Historia akaniachia mimi, barazani kwangu, jambo linaloonyesha jinsi mama yule alivyokuwa amechoka. Judson alipouliza sayansi wafanye nini, Marlys alijibu amefumba macho: "Fanya jaribio lolote, baba. Tumia kilichopo."

Kilichokuwepo ni mapacha.

Mkaguzi, Bi Eunice Stoltz, alifika mwezi wa Mei, amenyooka kama fito ya uzio. Alianza na Philippa.

"Niambie, kwa nini mto wetu una kona pale darajani?"

"Nguruwe wa Bwana Verle alilala hapo, maji yakashindwa kumsogeza."

Lorna alicheka mpaka akashika meza. Bi Stoltz akanitazama. Mimi nikatazama dari, ambayo kwa kweli ilihitaji rangi. Marlys akawa mweupe kama maziwa, pacha mmoja begani, mwingine gotini.

"Na wewe, Judson? Sayansi?"

Kijana akasimama. "Nimejaribu kama Kilatini kinamfanya mtoto awahi kuwa na akili. Amos nimemsomea kila siku. Silas sijamsomea hata neno. Sasa wewe utawapima, useme nani ana akili zaidi."

"Nitamjuaje Amos?"

"Hutamjua. Ungejua, ungependelea. Ndiyo maana asubuhi nimefuta rangi ya kucha, kisha Philippa akawachanganya mimi nimegeuka ukutani, naye alikuwa amefumba macho. Hata sisi hatujui."

Marlys akachungulia vidole vya miguu ya mapacha.

"Judson," mama yake akasema taratibu, "huyu niliyembeba ni nani?"

"Ndiyo uzuri wenyewe, mama!"

Lorna akajitokeza mbio. "Leteni hapa! Bibi wa kweli hapotezi wajukuu. Huyu ndiye Amos, ana pua ya babu yake." Marlys akawageuza, akawazungusha, akawarudisha. Lorna akaelekeza kidole kwa yule mwingine. "Huyu. Pua hiyo hiyo." Kisha akakaa chini, akaomba maji.

Bi Stoltz alivua miwani. "Nimewakagua watoto tangu wazazi wa hawa hawajaoana. Sijaona hata mmoja aliyeelewa kwa nini mpimaji hapaswi kujua. Judson na Philippa wamefaulu wote wawili. Historia itafutiwe mwalimu mwingine." Akatia saini.

Marlys alikuwa ameshinda mwaka mwingine wa kufundisha. Nilitegemea angeruka. Badala yake aliiangalia saini ile kama mtu aliyezawadiwa tembo na kuambiwa ampeleke nyumbani kwa miguu. Machozi yakamtiririka, na Judson akamalizia kazi: "Mwaka ujao, mama, tunaweza kuwajaribu kwa Kigiriki?"

Marlys akafuta uso kwa nepi, safi nadhani. Akanyoosha kidole: "Huyu Amos, huyu Silas."

"Umejuaje?" Lorna akauliza.

"Nimewazaa mimi." Akawapaka rangi palepale. Mimi naamini alibahatisha, na mpaka leo ukimwita mmoja wanageuka wote.

Agosti, basi la njano likasimama mbele ya lango langu. Judson na Philippa wakapanda, wamevaa kila mmoja fulana yake. Marlys alisimama barabarani na kigari cha kusukumia watoto wawili, Lorna pembeni yake amejaa furaha.

"Haya, sema sasa," Lorna akamchokoza. "Nani alikuwa sahihi?"

"Nilifaulu, Mama. Saini unaijua."

"Na lile basi?"

"Ziara ya masomo," Marlys akasema. "Wanachunguza shule za serikali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zifungwe, Juni."

Akamkabidhi Lorna mapacha wote wawili, akavuka barabara, akaja barazani kwangu, akalala usingizi kwenye kiti changu kabla sijamaliza kumwambia habari za nguruwe.