Kitambaa kwenye Keke

Siku walipoupaka mwaloni wetu rangi nyekundu, nilikuwa nampelekea Radisav kahawa kaburini. Mume wangu alifariki majira ya baridi, na tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa nachemsha kahawa ya watu wawili, naitia kwenye chupa, napanda nayo kilimani. Yake naimwaga taratibu kando ya msalaba. Yangu nainywa nikiwa nimekaa ukingoni mwa kaburi.

Njia ya makaburini inapita chini ya mwaloni huo, tunaouita Zapis. Kila kijiji kwetu kina mti wake wa namna hiyo. Padri anaubariki, unachongwa msalaba kwenye gome, unatobolewa tundu dogo la kutiwa mafuta matakatifu, na tundu linazibwa kwa nta. Baada ya hapo hakuna anayevunja hata kitawi chake cha kuwashia jiko. Anayeukata hamalizi mwaka akiwa mzima. Hilo hawalibishi hata wale wasiokanyaga kanisani.

Rangi, alama ya mti wa kukatwa, ilikuwa imezunguka shina lote, mstari mpana kama kiganja, chini kidogo ya msalaba aliouchonga Radisav. Nyumba yetu ndiyo inayochonga. Baba mkwe alichonga, kisha Radisav, kila Sikukuu ya Kupaa, kijiji kizima kikiwa kimesimama nyuma yake na mabendera ya kanisa. Alipougua, sikukuu tatu zilipita bila mtu kuugusa mti, na gome likaufunika msalaba wake wa mwisho, likavimba kama midomo iliyofumbwa. Jicho halikuuona tena, lakini kidole changu kiliujua.

Hatukujaliwa watoto. Aliniachia nyumba, miplamu kando ya barabara, na alama hiyo chini ya gome. Jina lililo kaburini lilichongwa na fundi wa mjini. Kwenye mti ulikuwepo mkono wake mwenyewe. Nilitaka jambo moja tu, mti ule usimame mpaka mimi nitangulie.

Mwenyekiti wetu Živorad alikwenda kuuliza, akarudi na habari kwamba barabara inapanuliwa kwa ajili ya malori ya machimbo ya mawe. Injinia wa kampuni alikuja, tukamsubiri mbele ya duka. Alieleza kwa upole, akachora kwa kijiti kwenye vumbi, akasema mti mmoja hauwezi kuzuia barabara. Alikuwa ameajiri vijana wa hapa hapa kukata, na wote walikuwa wamekwisha mrudishia kofia zake za plastiki. Bibi Krunija, aliyezika waume wawili na haogopi mtu, akamwuliza:

"Basi shika msumeno wewe mwenyewe, mwanangu. Mama yako ana watoto wengine?"

Watu walicheka. Injinia naye alicheka, lakini tulipomfikisha kwenye mti niliona kwamba mkono wake haukuugusa. Alisema atatafuta watu wa mbali, wasioujua.

Kuanzia hapo hatukuwa na raha. Tulipanga zamu za kulinda, na tukakubaliana kwamba atakayeona mashine apige kengele ya kanisa. Nilikuwa nakamua ng'ombe, nikisikia injini naacha ndoo nasimama. Nikisikia kimya nasimama pia, kwa sababu kimya nacho kilianza kunitisha. Asubuhi moja kengele ililia, wanaume wakashuka na mauma ya kupakilia majani makavu, kumbe ni lori jipya la maziwa limepotea njia. Dereva aliinua mikono juu. Walimpa rakija, pombe yetu kali ya plamu, kufidia hofu waliyomtia, akanywa, akaondoka. Kicheko chetu siku hiyo hakikufika mbali.

Tumaini lilitoka kwa mama mmoja wa ofisi ya mambo ya kale, jina lake Slavica. Živorad alimfuata mjini. Yule mama alimwambia anaweza kuandika barua ya kuizuia kampuni, ila ni lazima aone kwa macho yake kwamba mti bado ni wa ibada. Msalaba uonekane, tundu lionekane, watu wawepo. Angekuja Sikukuu ya Kupaa.

Kwa hiyo ilibidi tuchonge upya, na nyumba ya kuchonga ilikuwa imebakiwa na mjane. Wakamwita Ranko, mtoto wa mdogo wake Radisav, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha milango kule Novi Sad. Alikuja kwangu siku moja kabla ya sikukuu kuchukua vyombo. Nilimpa kijiko cha jamu ya plamu na glasi ya maji, kama apewavyo mgeni kwetu, kisha nikamfunulia sanduku. Patasi ilikuwa kali bado. Keke, chombo cha kutobolea miti kwa kuzungusha kwa mkono, ilikuwa imefungwa kitambaa cha bluu kwenye chuma chake, karibu kabisa na ncha.

"Mama mkubwa, kitambaa hiki cha nini?"

"Baba yako mkubwa ndiye aliyekifunga."

"Cha kazi gani?"

"Sikuwahi kumwuliza."

"Cha kufutia jasho hiki. Kimeshaoza, ona."

Alikikata kwa kisu. Mimi nilikiokota, kwa kuwa kilitoka kwenye shati la Radisav, nikakitia mfukoni mwa aproni.

Sikukuu ilipambazuka safi. Tulizunguka mashamba tukiwa na misalaba na mabendera, ngano ikatufikia magotini, tukashuka kwenye Zapis tukiimba. Slavica alikuwepo na kamera yake. Injinia naye alikuwepo. Živorad ndiye aliyemwalika, wengi wetu tukamuunga mkono. Tulitaka asimame pale, ashindwe mbele ya watu wote, halafu ale mwanakondoo wetu. Ndivyo tulivyo. Kushinda kimya kimya hakututoshi.

Ranko alichonga vizuri. Kila maranda yalipoanguka nilikuwa nakaza vidole, kwa sababu aliuchonga msalaba mpya juu tu ya ule wa zamani, na niliogopa patasi isije ikateleza. Haikuteleza. Slavica alipiga picha, akatabasamu, akamwambia Živorad kwamba hapo kazi ni rahisi. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya rangi.

Ikabaki tundu. Padri Teofil alimwambia dogo linatosha. Ranko, kwa kuwa watu wanamtazama, akasema, "Acha niingie ndani, Baba, mafuta yatoshe mpaka wajukuu." Akaegemea keke, akazungusha. Ulitoka unga mweupe, ukawa wa njano. Halafu ukatoka wa kahawia, na keke ikazama ghafla mpaka mpini, paji la uso la Ranko likagonga gome.

Alipoichomoa, uzi wa maji meusi ulitiririka kwenye msalaba mpya. Ulinuka kama chumba cha chini kilichofungwa miaka mingi.

Padri aliendelea kuimba, ila kwa sauti ya chini. Injinia alikuja, akamwomba padri ruhusa, na kwa hilo simlaumu, kisha akaingiza kijiti kirefu tunduni. Kijiti kiliingia chote mpaka vidole vyake vikagusa mti. Slavica alifunika kamera yake.

"Siwezi tena," alimwambia Živorad. "Ni mtupu ndani. Basi la watoto wa shule linapita hapa. Ukiliangukia, sahihi itakuwa yangu."

"Hata mimi ni mtupu ndani," Bibi Krunija akasema, "na bado hamjaniletea msumeno."

Baadhi walicheka, wakiwa wanajifuta macho. Ranko alikuwa ameshika keke kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake kilichovunjika. Padri alimimina mafuta matakatifu kwenye lile tundu, kama desturi inavyotaka. Alimimina chupa yote. Halikujaa.

Siku hiyo nusu ya mwanakondoo ilibaki bila kuliwa. Kwetu si jambo la kawaida.

Wakataji walikuja wakati wa kukata majani, watu wa ng'ambo ya milima. Kengele haikulia. Mkubwa wao, mtu mfupi wa maneno machache, alivua kofia akauliza hapa anaombwa nani msamaha. Bibi Krunija akamwelekeza kwangu.

"Nisamehe, mama."

"Si wangu," nikamwambia. "Uombe wenyewe."

Akauomba. Aliweka kiganja juu ya gome, akasema maneno ambayo sikuyasikia, kisha akavuta kamba ya msumeno. Nilitaka kuondoka na sikuweza. Ulipoanguka, vumbi jeusi lilipanda kutoka ndani yake kama moshi.

Kuni za Zapis haziingii jikoni kwa mtu, wala hazipelekwi popote. Mti unalala karibu na ulipoangukia mpaka udongo uuchukue. Kwa kuwa pale ilikuwa inapita barabara, niliwaambia wauviringishe kwenye miplamu yangu. Injinia alikubali haraka, akafurahi kuepuka ugomvi. Ila gogo lilikuwa refu, ikabidi walikate vipande, na msumeno ukapita pale pale penye misalaba.

Niliinama kutazama. Kwenye mti uliokatwa yalionekana matundu ya zamani yaliyozibwa kwa nta, moja kando ya jingine, kama vidole vilivyoelekezwa ndani. Ya baba mkwe yalikuwa marefu, na ule weusi ulikuwa umekwisha yafikia, ncha zake zimeoza. Ya Radisav yalianza marefu, yakawa yanafupika kila mwaka jinsi weusi ulivyosogea. La mwisho lilikuwa fupi kama kidole gumba. Mbele yake ulibaki ukuta wa mti mzima usiozidi unene wa sarafu, kisha giza.

Nilitoa kitambaa mfukoni. Mikunjo yake ilikuwa bado inaonyesha fundo alilolifunga karibu na ncha, ili keke isipite hapo. Alijua. Miaka yote ile alijua mti unaondoka, na akawa anautoboa kwa namna ya kutouaibisha. Hakuniambia, na ninaelewa. Ningemwambia mke wa Živorad, na hilo lingekuwa sawa na kulitangaza dukani.

Nilikaa juu ya gogo mpaka ng'ombe wakaanza kulia kukamuliwa.

Vuli hiyo padri alichagua mwaloni mwingine, juu ya makaburi, mbali na barabara. Kijiji hakikai bila Zapis. Ranko alirudi kutoka Novi Sad, akasimama mlangoni bila kuingia, akaomba vyombo kwa sauti ya mtu asiye na uhakika kama atapewa. Nilikuwa nimekwisha vitengeneza. Aliiona keke, akaona kitambaa cha bluu kimefungwa karibu na ncha, kwa mafundo mawili.

"Mama mkubwa, ule mti ni mchanga. Ni mzima kabisa ndani."

"Najua."

"Sasa kitambaa hiki…"

"Chukua hivyo hivyo, mwanangu."

Nilipanda nao. Nilikuwa na chupa yangu ya kahawa, kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na kutoka pale kwenye mwaloni mpya kaburi la Radisav linaonekana vizuri. Watu walikuwa wachache, upepo baridi. Ranko alichonga msalaba mdogo. Kisha akaweka keke kwenye gome, akazungusha polepole mpaka kitambaa kikagusa mti, akaacha.