Firigisi ya Marehemu

"Haki ya Mungu, naapa mbele ya msumeno wa Petro, hii ni kweli tupu, na nikiongopa ulimi wangu ukauke," alianza Mzee Marselino, na mafundi seremala wa Keko wakaweka randa chini.

Fundi umeme huyo mstaafu alikuwa na kiti chake kwenye banda la Petro, kiti cha mbao ya mkongo kilichokataliwa na mteja kwa kuyumba. Kila jioni alikikalia, na kila jioni alitoa hadithi. Iliyopendwa kuliko zote ni ile ya mdogo wake: kijana wa Ndanda mwenye mbio za kumwacha swala, aliyekuwa wa kwanza kukata utepe akaanguka palepale, moyo umezima kama balbu. Akafunikwa kanga. Uwanja mzima ukawa kilio.

"Mzee," Petro alimkatiza, "juzi alikuwa anaongoza kwa kilomita moja. Leo mbili?"

"Kadiri anavyokaa kaburini ndivyo anavyozidi kuwaacha."

Mafundi walicheka mpaka vumbi la mbao likapaa. Marselino akafuta chozi ambalo halikuwepo.

Editha, mjukuu wake, alikuwa amelelewa kwa hadithi hiyo. Babu na mjukuu ni watani, na katika utani hakuna anayedai risiti ya ukweli. Lakini hii ya marehemu Editha aliiweka moyoni, na kila alipofunga viatu vya mbio alimkumbuka babu yake huyo ambaye hakuwahi kumwona. Sasa alikuwa amechaguliwa kwenye timu ya mkoa ya mbio za nyika. Timu ilikuwa inaondoka Jumamosi, na kabla ya kuondoka kila mkimbiaji alipaswa kupimwa moyo.

Siku ya kupimwa alirudi nyumbani viatu vinaning'inia shingoni.

"Shikamoo babu. Nimezuiwa."

"Marahaba, mchumba. Nani kakuzuia, nikamng'ate?"

"Daktari. Tena anakutaka wewe."

Kesho yake hospitalini, Dokta Demetria aliwatandazia mezani karatasi ya kipimo cha moyo, ya rangi ya waridi, yenye mistari ya kupanda na kushuka. Marselino akavaa miwani, akaiinamia kama mchoro wa nyaya.

"Hapa nyaya za fezi na nyutro zimegeuzwa," akatamka.

"Si mbali sana, mzee wangu," dokta alisema akitabasamu. "Moyo wake unapiga polepole na mawimbi yake ni marefu. Hayo ni mazoezi tu. Moyo umepata nguvu, hauna haraka. Sasa tazama hapa, mbele ya kifua. Mstari unapanda kilima kidogo, halafu wimbi linapinduka chini. Kwa mtu wa kukaa ofisini ningeshtuka. Kwa wakimbiaji wetu Waafrika tunaliona mara nyingi. Kama hajawahi kuzimia, kifua hakimbani, na kwao hakuna kijana aliyekufa ghafla, huwa namwacha akimbie."

"Basi mwache."

"Tatizo kwao yupo. Mdogo wako. Editha kanieleza mwenyewe."

Kiti cha hospitali kilikuwa cha chuma, lakini Marselino alikisikia kikiyumba kama kile cha Keko.

"Aa, yule," akasema. "Yule aligongwa na nyoka."

"Si ulisema moyo?" Editha aliuliza.

"Nyoka alimgonga moyoni."

Dokta aliweka kalamu chini.

"Halafu, dokta, yule hatukuchangia mama."

"Baba je?"

"Baba napo kuna maneno."

"Babu, basi!" Editha alimshika mkono, machozi yamemlenga. "Usimfukuze marehemu kwenye ukoo kwa ajili yangu."

"Mie nasema tu... huenda hakufa sana."

Dokta Demetria alimtazama kwa huruma. Wazee wengi walikwishampitia pale wakiuficha ugonjwa wa ukoo ili mtoto aruhusiwe kucheza. "Mzee wangu, siwezi kusaini kwa maneno ya namna hii. Niletee ndugu zako wa tumbo moja niwapime na kuwahoji. Mpaka hapo, hakimbii."

"Yuko Babu Wilfred, Kibamba," alisema Editha.

Uongo mwingine ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Marselino, umeiva: Wilfred kasafiri, simu imetumbukia mtoni. Lakini akavitazama vile viatu shingoni mwa Editha, kamba zimefungwa fundo moja, havina pa kwenda.

"Mpigie," akasema. "Mwambie aje."

Wilfred alifika hospitalini asubuhi iliyofuata na suti ya kanisani, akiwa na mfuko wa korosho.

"Pole kwa kumpoteza mdogo wenu," dokta alimwambia.

"Mdogo yupi?"

"Aliyefariki kwenye mbio."

"Mdogo wa huyu bwana ni mimi. Mama alizaa wawili, akafunga duka."

Marselino akaanza kuichunguza swichi ya taa ukutani.

"Wewe uliwahi kukimbia?" dokta aliuliza.

"Mara moja tu! Nimefika kwenye utepe, kamba ya kaptula ikakatika, kaptula ikanishuka magotini, nikala mweleka. Nikalala kifudifudi kwa aibu, nimegoma kuinuka, hadi kina mama wakanifunika kanga." Akamgeukia kaka yake polepole. "Kaka. Uliniua?"

Editha ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha.

Dokta hakuharakisha kitu. Alimpima Wilfred, akawahoji wote wawili kuhusu baba, mama na wajomba, mmoja mmoja chumbani, ndipo akasaini. "Kimbia. Ila kifua kikibana au ukiona giza, unasimama hapohapo na kurudi kwangu. Mwakani tunapima tena. Na wewe, mzee wangu, hadithi ziwe zinabaki Keko."

Nje, Wilfred alisimama katikati ya njia. "Miaka yote hiyo mimi marehemu, na matanga yangu sijayaona. Leo nataka matanga yangu yaliwe, na mimi mwenyewe nile."

Jogoo wa Marselino, aliyesifiwa Keko nzima kwamba huwika kwa zamu na saa ya kanisa, akachinjwa jioni hiyo. Petro alikuja na mafundi wake, kavaa uso wa msiba.

"Poleni wafiwa. Jeneza nianze na mninga au mkongo?"

"Anza na kukaa," Marselino alinung'unika. Alimnawisha mdogo wake mikono kwa birika, akapakua ugali, kisha akaitafuta firigisi kwenye bakuli. Nyumbani kwake firigisi ilikuwa yake siku zote, yeye ndiye mkubwa. Aliishika kidogo, kisha akaiweka kwenye sahani ya Wilfred.

"Huyu jogoo," akaanza, "haki ya Mungu, siku moja..."

Wote wakaacha kutafuna. Editha akainua nyusi.

Marselino akafunga mdomo, akamwongezea marehemu mchuzi.